Mashine Itungayo Maswali

Mlioketi katika kikundi, wekeni karatasi na kalamu karibu. Asiyejua kuandika asiondoke, maana kazi ya leo ni ya masikio na kinywa zaidi kuliko ya mkono.

Somo letu ni habari za maswali. Si maswali ya askari wala ya karani wa kodi, bali maswali ya kujifunzia. Na hasa nataka kukuelezeni jinsi kompyuta ziwezavyo kutunga maswali zenyewe kutokana na maandishi yo yote zinayopewa. Huenda jambo hili limekwisha kufika nyumbani mwako bila wewe kulijua. Mtoto wa shule huchukua simu, huupiga picha ukurasa wa kitabu chake, na kabla maji ya chai hayajachemka simu imemletea maswali kumi na majibu yake chini. Basi maswali hayo yatoka wapi? Yafaa nini? Na ni wapi yanapompoteza mtu?

Ili tusiseme hewani, tuchukue kifungu kifupi cha habari za Kidete, katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Watu wa huko wanaijua reli, na mto wanaujua zaidi.

(Kiongozi wa kikundi amwambie mtu mmoja asome kifungu hiki kwa sauti, polepole, mara moja tu.)

"Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Katika wilaya ya Kilosa reli hiyo hupita Kidete. Baina ya Kilosa na Gulwe njia yake hufuatana na mto. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mvua kubwa zilinyesha. Mto ulifurika ukaikata reli, na treni hazikuweza kupita."

Umekwisha kusikia. Sasa funika kifungu, usichungulie. Reli ilifika Tabora mwaka gani? Njia yake hufuatana na mto baina ya wapi na wapi? Nadhani wengine mmekwisha kushikwa na kigugumizi, na kifungu chenyewe ni cha mistari michache, na kilipokuwa kikisomwa mlikuwa mkitikisa vichwa kwamba mmeelewa. Ndivyo tulivyo wote. Kusikia jambo na kulielewa ni kitu kimoja. Kuwa nalo kichwani juma lijalo ni kitu kingine, na katikati yake ndipo swali linapofanya kazi.

Watu wengi hudhani swali ni la kumpima mwanafunzi, kama mizani inavyopima gunia la mahindi. Mizani haiongezi mahindi. Lakini swali la kujifunzia huongeza, na jambo hili limejaribiwa likaonekana. Katika mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Katika njia ya kwanza mwanafunzi alisoma kifungu, kisha akakisoma tena. Katika njia ya pili alikisoma mara moja, kisha kikaondolewa, naye akaambiwa aandike yote anayoyakumbuka. Walipoulizwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walishinda: walikumbuka sehemu 81 katika 100, na wenzao 75. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara mbili walikuwa wamebaki na sehemu 42 tu, na wale waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na 56. Tena tazameni jambo hili: hawa wa pili hawakuambiwa walipopata wala walipokosa. Ile kazi tu ya kutafuta kichwani iliwatosha kuwapita wenzao.

Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa kwa mtu mzima kuliko kwa mtoto. Mtoto ana mwalimu wa kumwuliza kila asubuhi. Mtu mzima wa Kidete anasikia somo la redio jioni, kesho yuko shambani, keshokutwa yuko msibani, na hakuna atakayemwuliza tena. Anapewa karatasi ya bwana shamba juu ya dawa ya kuhifadhi mahindi, au ya mganga wa zahanati juu ya kuhara, anaisoma mara mbili, anaiweka juu ya kabati. Karatasi hizo haziji na maswali. Nani atayatunga?

Tanzania imewahi kulikabili jambo hili kwa nguvu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya: redio ilisema, vitabu vidogo vikagawanywa, na watu kiasi cha milioni 2 wakakaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasomeana, wakaulizana, kisha wakakata shauri la kufanya, kama vile kuchimba choo au kufyeka majani karibu na nyumba. Wazee walioketi katika vikundi hivyo wangalipo, nanyi mwaweza kuwauliza. Kilichokuwa na nguvu pale, kwa maoni yangu, hakikuwa redio peke yake. Kilikuwa yale mazungumzo baada ya redio kunyamaza. Lakini vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya nchi nzima, na kuviandika kulihitaji watu wengi na siku nyingi. Havikuweza kuwa na swali la mto wa Kidete, wala la kisima cha kijiji kingine.

Hapo ndipo inapoingia mashine. Haichoki, na haijali kama maandishi ni kitabu kizima au ni karatasi moja ya bwana shamba.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya kuacha pengo. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alitangaza njia ya kupima ugumu wa maandishi kwa kufuta maneno kila baada ya hesabu fulani ya maneno, na msomaji ayajaze. "Reli ilifika ____ mwaka 1912." Kazi hiyo hata mtoto aweza kuifanya kwa kalamu, na kompyuta yaifanya kwa kufumba na kufumbua. Ubaya wake ni kwamba pengo laweza kuangukia neno lisilo na maana. Ukifuta neno "na" katika "Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914," umemfundisha mtu nini?

Kwa hiyo mashine ilipasa ifundishwe kuchagua. Mwaka 1976 Mmarekani mwingine, John Wolfe, alieleza programu yake iliyochukua sentensi za kitabu na kuzigeuza kuwa maswali, ili kumsaidia mtu anayejifunza peke yake. Mashine za namna hii hufuata kanuni zilizoandikwa na watu. Husoma sentensi, hutafuta mtenda ni nani, tendo ni lipi, mahali ni wapi, wakati ni lini; kisha huliondoa jambo moja na kutia neno la kuulizia mahali pake. Lililoondolewa ndilo jibu.

Tujaribu kwa Kiswahili, maana hapa pana utamu. Mwingereza akitaka kuuliza hana budi kuyahamisha maneno na kutia mengine ambayo hayakuwapo. Sisi, mara nyingi, twaliacha kila neno mahali pake. "Reli ilifika Tabora mwaka 1912." Ondoa mwaka: "Reli ilifika Tabora mwaka gani?" Ondoa mahali: "Reli ilifika wapi mwaka 1912?" Kwa upande huu lugha yetu yaifaa mashine sana.

Walakini upande wa pili waisumbua. Kwanza, ngeli. Mwingereza ana neno moja la "ngapi" kwa vitu vyote vihesabikavyo, lakini sisi twasema watu wangapi, miti mingapi, vijiji vingapi, mahali pangapi, siku ngapi. Mashine isiyojua ngeli itauliza "vijiji mingapi," na msikilizaji atacheka asijibu. Pili, tazama sentensi ya pili ya kifungu chetu: "Ilifika Morogoro mwaka 1907." Ni nini kilichofika? Wewe wajua ni reli kwa sababu ulisikia sentensi iliyotangulia. Mashine ikiichukua sentensi hii peke yake itauliza, "Ilifika Morogoro mwaka gani?" na mtu atakayelikuta swali hilo juma lijalo hatajua waulizwa habari ya reli, au ya barua, au ya ndege. Maana hiyo "i" ya mwanzo yaweza kusimama badala ya vitu chungu nzima.

Tatu, neno "ukaikata." Kwetu ni neno moja, lakini ndani yake mmekaa wawili: "u" ni mto, "i" ni reli, na yule wa kwanza amemkata yule wa pili. Mashine isiyojua kulipasua neno hili haiwezi kuuliza "Ni nini kilichoikata reli?" wala "Mto ulikata nini?" Kuna wataalamu waliokaa miaka mingi juu ya kazi ya kuyapasua maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Finland, aliianza tangu mwaka 1985. Si kazi ya mchezo.

Na jambo la nne litawachekesha watu wa Kidete. Jina la mahali penu laanza na "Ki," kama kitabu, kiti na kisu. Mashine ambayo haijafundishwa kwamba Kidete ni mahali yaweza kudhani ni kitu fulani. Basi ukiipa sentensi "Mvua ilinyesha Kidete," itaondoa Kidete na kuuliza, "Mvua ilinyesha nini?"

Kwa sababu ya makosa ya namna hiyo, Michael Heilman na Noah Smith wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha mwaka 2010 njia ya busara: mashine itunge maswali mengi kupita kiasi, kisha sehemu nyingine ya mashine iyapange kutoka lililo zuri mpaka lililo baya, na mtu achukue yale ya juu tu. Likumbukeni neno hili, tutalirudia: kutunga mengi na kutupa mengi.

Baadaye wataalamu waligeuza njia. Badala ya kuiandikia mashine kanuni, waliipa mifano kwa maelfu na kuiacha ijifunze. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa mkusanyo wa maswali zaidi ya 100,000 yaliyoandikwa na watu juu ya vifungu vya Kiingereza, kila swali na jibu lake. Ulikusudiwa kuifundisha mashine kujibu. Lakini mwaka uliofuata Xinya Du na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliutumia kinyume: mashine ikapewa sentensi, ikafundishwa kuandika swali. Ilikisia neno, ikasahihishwa, ikakisia tena, mara nyingi mno. Mashine zinazojibu katika simu siku hizi ni za ukoo huo, ila ni kubwa zaidi na zimesoma maandishi mengi zaidi. Hazijapata kuiona reli wala mto. Zilichojifunza ni kwamba baada ya maneno kama haya, watu huandika swali kama hili.

Waonaje, basi, juu ya Kiswahili? Mashine ya namna hii hula mifano, na mifano ya Kiswahili ilikuwa michache. Mwaka 2022 Barack Wanjawa na wenzake wa Kenya walieleza mkusanyo wao wa maswali 7,526 na majibu yake, yaliyoandikwa na watu kutokana na maandishi 1,445 ya Kiswahili. Ni kazi ya kusifiwa, lakini linganisha hesabu hiyo na ile ya Stanford. Ndiyo sababu mara nyingi simu yakuletea swali la Kiswahili lenye harufu ya Kiingereza: maneno ni yetu, mpango si wetu.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Mashine za zamani zilikosea kama mgeni: "vijiji mingapi," nawe ukacheka ukalitupa swali. Mashine za sasa hukosea kama mwenyeji. Maneno yananyooka, adabu ipo, nawe unaamini. Kwa mfano, ukiipa mashine kifungu chetu yaweza kuuliza, "Ni treni ngapi zilizozuiliwa na mafuriko?" na chini yake ikaandika hesabu kamili. Rudi ukakitazame kifungu. Hakikutaja hesabu yo yote. Mashine imejaza tu palipoonekana panataka kujazwa. Mtu aliyelisoma jibu hilo mara tano kwa ajili ya kujifunza atalikumbuka vizuri sana, maana tumekwisha kuona kwamba swali hushikiza jambo kichwani, nalo halibagui kati ya jambo la kweli na la uwongo.

Kuna na swali la kuchagua, lenye majibu manne, moja kweli na matatu ya kutega. Kutunga majibu ya kutega ni kazi ngumu kuliko kutunga swali. Mashine ikiuliza reli ilifika Tabora mwaka gani, ikakupa 1905, 1907, 1912 na 1914, imefanya vema, kwa sababu miaka yote imo katika kifungu na mtu asiyekumbuka atayumba. Ikikupa 1912, 1650, 2020 na 3000, haikuuliza kitu. Lakini tazama hili: "Mto uliofurika huitwaje? (a) Rufiji (b) Kinyasungwe (c) Pangani (d) Mkondoa." Mto ushukao kutoka upande wa Dodoma huitwa Kinyasungwe, ukiendelea upande wa Kilosa watu huuita Mkondoa, mbele zaidi huitwa Wami mpaka uingie Bahari ya Hindi. Maji ni yale yale. Mashine imeandikiwa kwamba jibu ni (d), na mzee ambaye maisha yake yote ameuita Kinyasungwe anaambiwa amekosa. Mzee huyo, ikiwa ndiyo kwanza ameanza kisomo, huenda asirudi tena. Nasema hivi kwa sababu watu wazima huona haya kuliko watoto, na alama nyekundu juu ya jambo unalolijua kwa miguu yako mwenyewe huuma.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote si jibu baya. Ni aina ya maswali yenyewe. Mashine hupenda kuuliza nani, lini, wapi, ngapi, kwa sababu majibu ya maswali hayo yameandikwa waziwazi na ni rahisi kuyachopoa. (Waalimu wachovu nao hufanya hivyo, tusiionee mashine peke yake.) Fikiria kikundi cha Kidete kilichopata maswali kumi juu ya kifungu chetu, kikajibu yote, kumi kwa kumi. Kinajua 1905, 1907, 1912, 1914. Je, kinajua kwamba mto huo huleta maji ya mvua iliyonyesha mbali, upande wa Mpwapwa na Dodoma, na kwa hiyo waweza kujaa hali mbingu ya Kidete ni nyeupe? Je, wamekubaliana nani atapiga simu kwa nani, na wazee na watoto watapandia wapi usiku? Hakuna aliyewauliza. Na lisiloulizwa kwa kawaida halisomwi. Mtu hufuata maswali kama ng'ombe afuatavyo njia iliyokwisha kukanyagwa.

Wengine watasema mashine za sasa zaweza kuuliza "kwa nini" na "ungefanyaje." Kweli, ukiziagiza hivyo zitafanya, na baadhi ya maswali hayo ni mazuri. Lakini zitayauliza kutokana na yale yaliyomo katika kifungu. Swali la mtu wa Kidete mara nyingi latoka katika lile lisilomo.

Kuna mkusanyo mmoja uliolitambua jambo hili. Mwaka 2020 wataalamu wa Google walikusanya maswali katika lugha 11, na Kiswahili kimo. Waandikaji hawakuonyeshwa kifungu kizima wakaambiwa waulize yaliyomo. Walionyeshwa maneno machache ya mwanzo tu, wakaambiwa waandike jambo wanalotaka kweli kulijua na ambalo hawalijui. Majibu yakatafutwa baadaye, na maswali mengine yakakosa jibu kabisa. Ni tofauti kama ile ya mtega kitendawili na mtoto anayeuliza mama yake mvua inatoka wapi. Mtega kitendawili analo jibu mfukoni, naye anataka kuona kama nawe unalo. Mtoto hana. Maswali yote mawili yafaa, ila hayafanyi kazi moja, na mpaka sasa mashine ni hodari zaidi kwa lile la kwanza.

Kwa hiyo mimi siwaambii muikatae mashine. Nawaambia muigawie kazi yake. Kazi ya kushikiza kichwani, ile ya kuuliza leo, kesho na baada ya juma, mwachieni. Katika kikundi simu moja yenye intaneti yatosha. Aliye nayo aiandikie kifungu chote, au akipige picha, kisha aiagize hivi: itunge maswali ishirini kwa Kiswahili, yatokane na kifungu hiki tu, na chini ya kila jibu iandike sentensi ya kifungu ambamo jibu limetoka. Agizo hilo la mwisho ndilo la maana. Swali lisiloonyesha sentensi yake, litupeni. Kisha fungueni kifungu mkaihakikishe ile sentensi kwa macho, maana hata sentensi mashine yaweza kuizua. Lisilosikika kama Kiswahili cha nyumbani, litupeni. Lenye majibu mawili ya kweli, kama lile la mto, litupeni au mlitengeneze. Mkibakiwa na sita kati ya ishirini si hasara. Hata mashine ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa ajili ya kutupa.

Hayo sita yaandikeni, jibu nyuma ya karatasi. Aulizwe mmoja mmoja, naye ajaribu kwanza bila kugeuza, hata kama anadhani hajui. Baada ya kujaribu ndipo mgeuze, mwone, maana mtu akikosa na asisahihishwe aweza kuondoka na kosa lake. Mrudie kesho yake, kisha juma lijalo. Asiyejua kusoma aulizwe kwa mdomo. Swali halipungui nguvu kwa kusikiwa badala ya kusomwa.

Kazi ya pili, ya kuuliza yasiyomo, ni ya kikundi chenyewe, nayo ifanywe kabla simu haijafunguliwa. Nimeona mara nyingi kwamba watu wakipewa kwanza maswali ya mashine, huacha kutunga yao. Huyaona ya mashine ni ya kitaalamu na yao ni ya kijinga. Basi kila mtu aseme swali moja ambalo kifungu hakikulijibu, na kiongozi asilicheke hata moja.

Mpaka somo lijalo, vikundi vifanye kazi hii. Jibuni kwanza bila kutazama kifungu:

Reli ilianza kujengwa kutoka wapi, na mwaka gani? Ilifika Kigoma mwaka gani? Ni nini kilichoikata reli? Neno "ukaikata" limebeba nani na nani?

Kisha yazungumzieni haya, ambayo majibu yake hayamo katika karatasi hii. Wakati wa mafuriko ya mwaka 2009 na 2010, maji yalifika mpaka wapi katika kitongoji chenu, na ni nani aliyeyaona? Watu walijuaje kwamba maji yanakuja? Tangu hapo kumejengwa nini, na kumebomoka nini? Mto wenu mwauitaje ninyi, na kwa nini jina lake hugeuka? Mmoja aandike majibu ya wazee kwa maneno yao wenyewe, kwa sentensi fupi, bila kuyapamba. Maandishi hayo ndiyo mtakayoipa mashine juma lijalo, nasi tutaona itayauliza nini.

Kwaherini.